Kibanda cha Siku ya Nane

Mtaani kwetu Katamonim, hapa Yerusalemu, mtu akilala nje siku saba huitwa mcha Mungu. Akilala na siku ya nane huitwa maskini. Shabtai Barashi aliijua tofauti hiyo kuliko sisi sote, na mwaka ule aliibeba kifuani yeye na mkewe Mazal, pamoja na watoto wao ambao walikuwa wamekatazwa kusema.

Funguo za nyumba walizikabidhi siku moja kabla ya Sikukuu ya Vibanda, asubuhi ambayo mtaa mzima ulikuwa sokoni ukichagua matawi ya mitende na malimau ya sikukuu. Mwenye nyumba alikuwa kijana aliyerithi kutoka kwa mama yake na kuuza kabla udongo wa kaburi haujakauka. Alisimama mlangoni, simu mkononi, si mwenye ubaya wala si mwenye wema. Shabtai alimwomba wiki moja tu, sikukuu ipite. Kijana akajibu kwamba mnunuzi ameshalipa na kwamba notisi aliitoa tangu kiangazi. Ni kweli aliitoa. Lakini kiangazi hichohicho ndipo kiwanda cha mkate, ambacho Shabtai alikiendeshea gari, kilipofungwa, na dereva wa gari la mkate asiye na kiwanda hakuna anayempangisha. Kila dalali alitaka karatasi ya mshahara na wadhamini, kisha alipomtazama Shabtai usoni akamwambia maneno ambayo katika nchi yetu ndiyo njia ya kumfungia mtu mlango bila kupiga kelele: baada ya sikukuu.

Vyombo vilikwenda mji wa Beit Shemesh kwa kaka yake Mazal. Kaka mtu aliyapokea makochi, akaipokea friji na masanduku. Watu hakuweza kuwapokea. Alikuwa na vyumba viwili, watoto saba, na mama mkwe aliyelala kitandani hajiwezi. Alimsindikiza dada yake hadi barabarani, akamshika bega, akasema yeye pia, "Baada ya sikukuu tutaona."

Kilichobaki ni kibanda. Kila mwaka Shabtai alikijenga uani nyuma ya jengo letu: mbao za kuegemezwa, mashuka ya kuzungushia kando, na juu matawi ya mitende yaliyopangwa kwa nafasi ili usiku mtu aone nyota, kama sheria inavyotaka. Mwaka huu alikijenga haraka, akakiongeza urefu, akaingiza magodoro yote waliyokuwa nayo. Majirani waliporudi sokoni wakamkuta anakaza misumari, wakauliza kulikoni. Akasema mabomba ya nyumba yamepasuka na fundi hapatikani, naye ameona heri iwe hivyo, maana mwaka huu ataitimiza amri kama ilivyoandikwa, yeye na nyumba yake nzima.

Ukitaka uongo usikaguliwe, uvike nguo ya ibada. Wanaume wengi mtaani kwetu hula kibandani kisha hupanda ngazi kwenda kulala kitandani, wakiusingizia mgongo. Wake na watoto sheria haiwadai kulala nje. Kwa hiyo tulipomwona mtu mzima amelala na familia yake chini ya matawi, katika baridi ya Yerusalemu ya majira yale, tulitikisa vichwa kwa heshima, na wengine tukaona haya kidogo. Hatukuuliza zaidi.

*

Usiku wa kwanza wa sikukuu, baada ya sala, Mzee Nissim aliwaleta watu. Yeye ndiye msimamizi wa sinagogi letu, mzee wa tumbo la mbele na moyo mwema, mwenye desturi ya kuwapeleka waumini kibanda hadi kibanda wakaseme neno la baraka na kuonja chochote. Mwaka ule alianza na kwa Shabtai. Walimiminika wakiimba, wakaketi juu ya magodoro yaliyokunjwa, na mmoja akakisifu kibanda kwamba kina harufu ya watu wanaoishi humo.

Mazal alikuwa amepika sufuria moja ya kubeh, yale madonge ya nyama katika mchuzi mchachu ambayo bibi zetu walitoka nayo Kurdistani. Nyama ilikuwa kidogo na unga mwingi, na sufuria ile aliikusudia iwafikishe hadi kesho jioni. Alitazama idadi ya vichwa, akatazama sufuria. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mazal usiku ule alipona kwa kujitia shughuli ya kupakua. Aliwapa wageni kwanza, kisha akawapa watoto wake mchuzi na mkate. Mtoto mdogo, Tehila, alilitazama bakuli la Mzee Nissim akauliza mbona yeye hana donge. Hodaya, dada yake mkubwa, akamfinya paja.

"Tueleze neno, Shabtai," Mzee Nissim alisema huku akijifuta ndevu. "Mtu anayelala kibandani ana haki ya kusema."

Shabtai hakutaka. Lakini sauti yake ndiyo iliyokuwa mali yake pekee iliyobaki, nayo ilizoea kuitika ikiitwa. Akasema alichokuwa akikisema marehemu baba yake: kwamba Mungu aliwaagiza watu watoke katika nyumba za mawe wakae chini ya majani wakati wa mavuno, wakati ambao ghala limejaa na mtu anaanza kuamini kuta zake. Atoke nje, aone jinsi alivyo mwepesi, akumbuke ni nani aliyemfunika jangwani na ni nani anayemfunika sasa. Ndiyo maana sikukuu hii ikaitwa wakati wa furaha yetu. Furaha ya kweli, alisema, ni ya yule aliyeziacha kuta akakuta bado amefunikwa.

Wanaume waliguna kwa utamu. Mmoja alipangusa jicho. Mzee Nissim akampiga Shabtai begani, akasema siku ya nane, kama kila mwaka, ni yeye atakayesimama kuomba mvua, na mwaka huu hata wangempa mfalme asingefaa kama yeye. "Mtu aliyelala siku saba chini ya mbingu," alisema, "mbingu zitamrudishaje mikono mitupu?"

Mazal alikuwa anakusanya mabakuli. Alicheka, kicheko kidogo cha puani, na wageni wakadhani anafurahi.

*

Siku za katikati ya sikukuu, kazi nyingine zinaruhusiwa na ofisi zote zimefungwa. Shabtai alizunguka. Alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii akakuta karatasi mlangoni. Alikwenda kwa dalali wa mtaa wa Gilo akamkuta anapakia mikeka ya pwani kwenye gari, familia yake ikimsubiri. Dalali alimsikiliza akiwa ameinama ndani ya buti, kisha akamwuliza kama hana ndugu. Watu wote wana ndugu, alisema. Shabtai akamsaidia kuingiza jokofu dogo la soda, maana alikuwa amesimama pale na mikono yake haikuwa na kazi, na dalali akampa chupa moja ya soda kwa shukrani. Aliileta nyumbani kwa watoto. Alisema nyumbani, akasikia neno linavyolia.

Mazal naye alikuwa na mzunguko wake. Asubuhi alikwenda kusafisha ofisi za mawakili mjini, akirudi alipanda ngazi hadi kwa Bi Simha, jirani wa juu, kuomba watoto waoge. Mara ya kwanza Bi Simha alimkaribisha kwa kahawa. Mara ya pili alimpa taulo. Mara ya tatu alimwambia, kwa upole, kwamba maji ya moto ya tangi la paani, linalopashwa na jua, ni ya watu wanne na wajukuu wanakuja, pengine afadhali waoge mchana. Aliuliza pia huyo fundi wa mabomba ni wa kutoka wapi ambaye haonekani hata kuja kutazama. Mazal akasema ni Mromania. Hakujua kwa nini alisema hivyo.

Hodaya alipiga mswaki penye bomba la uani, kabla watu hawajaamka. Siku moja msichana wa darasa lake alipita na mfuko wa mkate akasimama kumtazama. Hodaya alitema povu, akasema, "Sisi tunaitimiza sikukuu kuliko nyinyi." Msichana akamjibu kwamba mama yake anasema kuzidisha nako ni dhambi. Hodaya aliingia kibandani akajifunika gubigubi, na alipoulizwa alisema tumbo linamuuma.

Jioni hiyo Shabtai aliwaambia watoto kwamba Torati inaamuru kufurahi, haisemi mkitaka. Akajaribu kuimba. Wa kati, Avishai, akaitikia nusu.

"Waache," Mazal alisema. "Hata furaha imekuwa kodi ya kudaiwa?"

"Ni amri, Mama Hodaya. Ndiyo imani yenyewe. Mtu anafurahi kabla hajaona."

"Mungu aliwaamuru watu watoke majumbani mwao wakae vibandani." Alikuwa akikunja nguo za watoto na hakuinua macho. "Sisi tumetoka nyumba gani? Niambie, maana nataka kuitimiza na mimi. Nimetoka wapi?"

Marehemu baba yake hakumwachia Shabtai jibu la swali hilo. Shabtai alitazama nyota kati ya matawi, ambazo usiku ule zilikuwa chache kwa sababu ya mawingu.

*

Mvua ilikuja siku iliyofuata, magharibi, watu wakiwa mezani. Ilikuwa imewahi. Mvua ya kwanza kwetu hushangiliwa, lakini ikinyesha sikukuuni ni sawa na mtumwa aliyemletea bwana wake kikombe, bwana akammwagia usoni. Wahenga ndivyo walivyoifananisha. Vibanda vyote vya ua vililipuka kwa vicheko. Watu walibeba sahani, wakabeba viti, akina mama wakawafukuza watoto mbele yao kama kuku, na kwa muda mfupi ua ukawa mtupu, madirisha yote ya juu yakiwaka taa.

Kibanda kimoja tu kilibaki na watu. Gavriel, mumewe Bi Simha, alitoka kwenye kibaraza chake na kijiko bado mkononi.

"Shabtai!" aliita. "Sheria inasema anayebaki kibandani mvua ikinyesha anaitwa mpumbavu. Kumbe hukusoma hadi mwisho?"

Watu wa vibaraza vingine wakacheka. Ni utani ambao kila mmoja wetu amewahi kuutoa.

"Nasubiri ipungue," Shabtai alijibu kwa chini. Alikuwa amesimama juu ya kiti akijaribu kutandaza karatasi ya nailoni juu ya matawi, nailoni ambayo kwa sheria inakifanya kibanda kisiwe kibanda tena. "Wewe kula, chakula kitapoa."

"Na kufunika na nailoni je? Umeharibu ibada yote, bwana."

"Itakuwa nimeharibu," Shabtai alisema, na Gavriel akaingia ndani akitikisa kichwa, akimsifia mkewe wazimu wa watu watakatifu.

Nailoni haikutosha. Maji yalikusanyika katikati yakaangukia godoro la watoto kwa mpigo mmoja. Tehila alianza kukohoa kile kikohozi chake cha kubweka kinachomrudia kila baridi, na kila alipovuta pumzi kifua chake kilizama. Mazal hakumwuliza mumewe. Alimnyanyua mtoto, akawavuta wengine, akaingia nao kwenye ngazi za jengo na kukaa nao kidato cha chini. Taa za ngazi kwetu huwaka kwa kubonyezwa na kuzima zenyewe. Hodaya alikuwa akiinuka kuibonyeza, inazima, anainuka tena. Mlango wa nyumba yao ya zamani ulikuwa palepale mbele ya macho yao, ukiwa na kitasa kipya.

Bi Simha alishuka na mfuko wa taka. Aliwaona wamekaa pale wamelowa, mtoto akibweka, akauangalia mlango, akakiangalia kitasa. Siri ya mtungi huijua kata, lakini mtungi ukipasuka kila mtu huona maji.

"Mama Hodaya," alisema polepole. "Hakuna mabomba."

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Usimwambie mtu, dada. Nakuomba. Baba Hodaya atakufa kwa aibu."

Bi Simha aliwapandisha juu. Alichemsha maji ya mvuke, akamshikia Tehila kichwa mpaka kifua kikaachia, akawavika watoto nguo za wajukuu. Walilala sebuleni kwake usiku ule, Shabtai akibaki kibandani. Asubuhi aliwapa chai na akaeleza, bila kuinua macho kutoka kwenye birika, kwamba wakwe wanaingia leo na hapana pa kukanyaga, na kwamba siri atamtunzia, hata Gavriel hatamwambia. Alilitunza kweli neno lake. Nimewahi kufikiri kwamba laiti angekuwa mmbea ingekuwa sadaka kubwa zaidi.

*

Shabtai aliuanika mtandiko juani. Mazal alisimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu watoe funguo hakusema kwa kunong'ona.

"Juu ya sinagogi kuna chumba cha mlinzi wa zamani. Kina viti vibovu na mabango ya mwaka juzi. Ufunguo anao Mzee Nissim. Nenda umwambie."

"Nimwambie nini? Watu wale walikaa kwenye godoro langu wakalia kwa maneno yangu. Nikawaambie yalikuwa maneno ya mtu aliyefukuzwa?"

"Ndiyo."

"Watasema nilimfanya Mungu kisingizio."

"Ulimfanya," Mazal alisema. "Na mimi nilikubali, maana niliona aibu kama wewe. Lakini jana nilimshika mtoto hawezi kuvuta pumzi. Aibu yangu imeishia pale ngazini."

Shabtai aligeuza godoro upande wa pili. Alisema siku moja imebaki. Alisema Mungu hakuwaacha hadi leo, na kwamba baada ya sikukuu ofisi zitafunguliwa, dalali atarudi kutoka pwani, mambo yatasogea. Alisema tena neno la kungoja na kuamini. Sauti yake ilikuwa nzuri hata katika hilo, na Mazal aliichukia.

"Kesho kutwa utasimama kuomba mvua," alisema. "Utaiombea nchi mvua, na watoto wako wako chini ya matawi. Sawa. Lakini ukiiomba hali umefunga mdomo, ukaacha wote wadhani unakwenda kulala mahali pakavu, ukitoka pale usiniite mke wako. Nitawachukua watoto Beit Shemesh. Tutalala jikoni kwa kaka yangu, chini ya meza, popote. Wewe utabaki na sifa zako."

Aliingia kibandani akashusha shuka la mlangoni. Lilikuwa la maua ya bluu, na bado lilikuwa linachuruzika.

*

Usiku wa siku ya nane hakuna anayekaa kibandani. Sikukuu ni nyingine, amri imekwisha, na kukaa humo bila sababu ni kuongeza juu ya maneno ya Mungu. Ua mzima ulikuwa giza. Akina Barashi walikula mkate na mayai bila taa, wakalala mapema ili pasiwe na sauti. Waliwasikia watu wa juu wakigonga meza na kuimba.

Asubuhi sinagogi lilijaa hadi vibarazani. Ni siku ya kuifurahia Torati, kitabu kikimalizwa na kuanzwa upya siku hiyohiyo, na watu hucheza na magombo yake kifuani kama watoto wachanga. Watoto walirushiwa peremende. Tehila alizikusanya kwenye gauni lake, akikohoa, na alikuwa na furaha ya kweli, pengine yeye peke yake katika nyumba yake. Shabtai alipewa gombo acheze nalo. Alizunguka nalo, amefumba macho, na wanaume walimbusu bega wakipita. Mzee Nissim alitangaza kwa sauti kwamba mwaka huu mtaa wetu umepata mtu aliyeshika amri hata mvuani. Gavriel akapiga makofi. Nami nilipiga.

Kisha magombo yakarudishwa, watu wakanyamaza, na Shabtai akapanda kuomba mvua. Alijifunika shali ya sala hadi kwenye nyusi. Ubeti wa kwanza ulitoka safi, ule unaowakumbusha watu maji ambayo baba zetu waliyavuka na visima walivyovichimba. Wa pili ulianza. Katikati yake sauti ilisimama.

Tulidhani analia kwa uchaji. Upande wa wanawake, nyuma ya pazia la kimia, wapo walioanza kulia pamoja naye. Tulingoja. Mzee Nissim alikohoa kumsaidia. Ndipo Shabtai akafanya jambo ambalo mwombaji hafanyi, akaligeuzia mgongo sanduku la Torati, akatutazama.

"Siwezi kuiomba," alisema. "Nyumba sina."

Mtu wa nyuma alicheka, akidhani ni fumbo la mahubiri linaanza.

"Mabomba hayakupasuka. Nilitoa funguo kabla ya sikukuu. Mke wangu na watoto hawalali pale kwa sababu ya Torati, wanalala pale kwa sababu hatuna pengine. Na jana pia tulilala humohumo, nyinyi mkiwa ndani. Naombaje mvua?"

Mtoto mmoja alikuwa anamenya karatasi ya peremende, na sote tukaisikia. Mzee Nissim alisogea hadi mezani, uso umemwiva.

"Shabtai, mwanangu. Mbona hukusema?"

"Ulikuja ukala kwangu, Mzee. Ningesema saa ngapi?"

Mzee Nissim alishika ukingo wa meza. Alikumbuka, nadhani, lile bakuli. Wote tuliokuwepo tulilikumbuka. Alinyosha mkono akamgusa Shabtai kwenye kiwiko na kusema kwa upole, kwa sauti aliyokusudia isitufikie lakini ilitufikia, kwamba amalizie sala kwanza, neno hili ni zito, watalizungumza baada ya sikukuu.

"Inaisha leo jua likizama," Shabtai alisema.

Minong'ono ikaanza. Mmoja alisema ni aibu kuisimamisha sala. Mwingine alisema sheria za kale zinamruhusu aliyedhulumiwa kuisimamisha. Gavriel alikuwa ameinamisha kichwa akikitazama kiatu chake. Mwisho mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyewahi kuwa na shamba, akauliza swali ambalo lilikuwa la haki: na nchi je? Ziwa tunalolitegemea kwa maji limeshuka, mashamba yamepasuka, mvua si ya mtu mmoja. Hakuna mwaka ambao watu wetu hawakuiomba. Mtu mwingine mwenye sauti ya mbuzi akainuka, akaanza kujivika shali ili ashike nafasi.

"Mwacheni," sauti ya Mazal ilitoka nyuma ya kimia. Haikuwa kubwa. Sikuwahi kumsikia mwanamke akisema neno kwa sauti katika sinagogi letu kabla ya siku ile. "Omba, Shabtai. Umeshasema. Sasa omba."

Shabtai alitazama kule kwenye kimia, ambako hakuweza kumwona. Alivuta shali mbele, akageuka, akaurudia ubeti pale ulipokatikia. Aliomba upepo na akaomba maji. Aliomba mvua ya baraka wala si ya laana, ya kushibisha wala si ya kugharikisha, na hakuacha hata neno moja wala hakulipunguza kidogo ili liwe jepesi. Sijawahi kumsikia akiomba vile, na sitaki kumsikia tena.

Kila mwaka amina ya sala ya mvua hutikisa madirisha yetu. Mwaka ule ilitoka chinichini, kila mtu akiwa amemkwepa mwenzake macho, kwa maana sote tulikuwa na nyumba, na sote tulikuwa tunamwomba Mungu afungue mbingu juu ya watoto wa Mazal. Na Mungu, kama tulivyofundishwa tangu utotoni, husikia.